George Nissen: Aliyebuni trampolini, akawaachia wazazi somo

MTOTO wa Ngara au Biharamulo hahitaji kufundishwa kuruka. Huruka kamba shuleni, huruka mitaro baada ya mvua, na wazazi wakitoka huligeuza godoro la sponji kuwa uwanja wa michezo. Ng'ambo ya Rusumo, nchini Rwanda, kuruka juu ulikuwa mchezo wa heshima mbele ya wafalme. Mwaka 1907 msafara wa Kijerumani ulioongozwa na Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipiga picha za vijana wakipita juu ya kamba iliyofungwa juu kuliko kichwa cha mtu mzima.

Vijana wale walikanyaga jiwe dogo au kichuguu, kisha wakajirusha kwa nguvu za miguu yao. Aliyewapa watoto wa dunia chombo kinachomrusha mtu chenyewe ni Mmarekani George Nissen, mbunifu wa trampolini. Kitanda hicho cha kurukia sasa kinaonekana katika viwanja vya michezo ya watoto kwenye miji mikubwa ya Tanzania, na mzazi mwenye ua mpana anaweza kukiagiza kikafika nyumbani vipande vipande. Kabla ya kulipa fedha, ni vema akayajua maisha ya mtu huyo, kwa kuwa ndani yake mna furaha ya chombo hicho na hatari yake pia.

Nissen alizaliwa Februari 3, 1914 katika mji mdogo wa Blairstown, jimbo la Iowa, na akakulia Cedar Rapids. Tangu utotoni alipenda jimnastiki na kupiga mbizi. Akiwa kijana wa miaka 16 aliwatazama wanasarakasi wa bembea ambao, walipomaliza maonyesho, walijiachia na kuangukia wavu uliotandazwa chini. Wavu uliwadundisha kidogo, kisha wakasimama. Kijana huyo akajiuliza ingekuwaje iwapo mdundo ule usingekoma, bali ungemrudisha mtu hewani tena na tena.

Alianza kazi katika banda la gari la wazazi wake, akitumia vyuma chakavu na turubai. Mwaka 1934, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iowa, alishirikiana na kocha wake, Larry Griswold, kutengeneza trampolini ya kwanza ya aina tunayoijua leo. Ilikuwa fremu ya chuma yenye turubai katikati, na kingo zake zilishikiliwa na vivutio vinavyonyumbuka. Alipoipeleka kwenye kambi ya vijana, watoto waliigombea kuliko michezo mingine yote.

Nissen hakuwa fundi tu. Alitwaa ubingwa wa jimnastiki wa vyuo vikuu vya Marekani mara 3, na baada ya kuhitimu mwaka 1937 aliunda kikundi cha maonyesho pamoja na rafiki zake wawili, wakazunguka Marekani na Mexico. Huko Mexico alilisikia neno la Kihispania linalotaja ubao wa kujirushia majini. Alilibadilisha kidogo, akalisajili kuwa alama ya biashara, na hivyo trampolini ikapata jina.

Mwaka 1942 yeye na Griswold walifungua kampuni yao Cedar Rapids. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, jeshi la Marekani lilitumia chombo hicho kuwazoeza marubani kuujua mkao wa miili yao wanapogeuka hewani. Nissen mwenyewe alitumikia jeshi la majini. Mwaka 1945 alipewa hataza ya ubunifu wake, na amani iliporejea alikwenda nchi nyingi kuutangaza.

Katika kutangaza hakuwa na mpinzani. Picha yake mashuhuri kuliko zote ilipigwa mwaka 1960 katika bustani ya Central Park, New York, akiwa hewani pamoja na kangaruu aliyemkodi. Katika maandalizi alijifunza kumshika mnyama huyo miguu ya mbele ili asipigwe teke na ile ya nyuma. Mke wake, Annie, Mholanzi aliyekuwa mwanasarakasi, naye aliijua vema kazi ya hewani.

Wakati huo huo wingu lilikuwa likitanda. Kuanzia mwaka 1959 wafanyabiashara wengi wa Marekani walifungua viwanja vya kulipia, ambako trampolini zilitandazwa juu ya mashimo yaliyochimbwa ardhini. Mtu yeyote alilipa na kuruka, mara nyingi bila mwalimu. Watu walivunjika mikono, miguu na hata shingo. Kesi zikamiminika mahakamani, gharama za bima zikapanda, na viwanja hivyo vikafungwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1977 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitaka trampolini ziondolewe mashuleni.

Hapo ndipo lilipo somo. Katika ukumbi wa jimnastiki, Nissen alikuwa na kocha, wasaidizi waliosimama kuzunguka fremu, na desturi ya mtu mmoja kuruka kwa zamu. Chombo kilipouzwa kwa umma, kilisafiri peke yake. Kocha, wasaidizi na desturi vilibaki ukumbini.

Takwimu zilizotolewa na madaktari hao hao mwaka 2012 zinathibitisha jambo hilo. Takribani robo tatu ya majeraha hutokea pale watu zaidi ya mmoja wanaporuka kwa pamoja, na mtoto mdogo kuliko wenzake huwa katika hatari ya kuumia mara 14 zaidi ya aliye mzito kuliko wote. Sababu ni nyepesi kueleza: mzito anapotua, turubai humrusha mwepesi kwa nguvu ambayo hakuitarajia, naye hutua vibaya. Aidha, ilibainika kwamba nyavu za kuzungushia hazijapunguza majeraha kwa kiwango kilichotarajiwa, kwa kuwa mengi hutokea juu ya turubai lenyewe. Madaktari hao hawashauri kabisa trampolini kuwekwa nyumbani.

Kwa familia ya Ngara au Biharamulo ushauri huo una uzito wa pekee. Mtoto aliyeumia vibaya uti wa mgongo huweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza. Daraja la Kigongo-Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limewaondolea wasafiri adha ya kusubiri kivuko, lakini safari kupitia Geita bado ni ndefu kwa mgonjwa ambaye shingo yake haipaswi kutikiswa. Mtoto akianguka na kulalamikia shingo au mgongo, asinyanyuliwe wala kuketishwa. Aachwe alale vile vile alivyo hadi mhudumu wa afya afike.

Mzazi ambaye baada ya kuyasikia hayo bado anataka kununua, na akague kwanza. Fremu iwe ya chuma kilichopakwa madini ya kuzuia kutu. Sponji zifunike springi zote pamoja na ukingo wa chuma. Kwa trampolini ya mtumba, springi iliyolegea, mshono uliofumuka au sponji iliyopasuka ni sababu tosha ya kuikataa, isipokuwa vipuri vyake vinapatikana. Uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji uheshimiwe.

Kuiweka nako kunataka busara. Ngara ni nchi ya vilima, na trampolini iliyosimama kwenye mteremko humpeleka mrukaji upande mmoja. Ardhi isawazishwe, pande zote ibaki nafasi ya walau mita 2 kutoka ukutani, kwenye miti na kamba za kuanikia nguo, na juu pasiwe na tawi wala waya wa umeme. Miguu yake ifungwe kwenye vigingi vilivyozama ardhini, kwani upepo wa mvua huweza kuipeperusha.

Jua hudhoofisha turubai na wavu, nazo mvua za vuli na masika huleta kutu. Kwa sababu hiyo springi, mishono na viungo vikaguliwe kila mara kabla ya watoto kupanda, na kifaa kilichochakaa kibadilishwe. Turubai lililolowa huteleza, na ngurumo ya kwanza ya radi ndiyo ishara ya kushuka.

Sheria za mchezo ni chache: aruke mtoto mmoja tu kwa wakati, mwenye umri wa chini ya miaka 6 asiruke, na samasoti ipigwe marufuku, kwa kuwa ndiyo mojawapo ya vyanzo vikuu vya kuvunjika shingo. Mtu mzima asimame karibu akitazama, na ngazi iondolewe mchezo unapokwisha.

Nissen aliishi muda wa kutosha kuona ubunifu wake ukirejeshewa heshima. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika London mwaka 1964, na mwaka 2000 trampolini iliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney. Mzee huyo, aliyekuwa na miaka 86, alikuwapo kushuhudia. Warusi Irina Karavaeva na Alexander Moskalenko walitwaa medali za dhahabu, kila mmoja akiruka peke yake, huku wasaidizi wakiwa wamesimama kando ya fremu.

Alifariki dunia Aprili 7, 2010 katika jimbo la California akiwa na umri wa miaka 96. Ameacha chombo ambacho watoto wa mabara yote hukikimbilia kwa vicheko. Anayekileta uani kwake, na ailete pamoja nacho desturi ile ya ukumbini: mmoja kwa zamu, na mkubwa akiwa macho.