Grenfell na masuwa yake

Mtu akikaa siku nyingi juu ya maji, roho inachoka mbele ya mwili. Wenye kupanda masuwa toka Kinshasa mpaka hapa Kisangani wanalijua jambo hilo. Basi tumwangalie misioneri George Grenfell, aliyesafiri juu ya mto huu zaidi ya miaka ishirini.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1849. Wabatisti walimtuma kwanza Kameruni. Huko bibi yake, Mary, alikufa mwaka 1877, ndoa yao haijatimiza mwaka. Baadaye alimwoa Rose, wa asili ya Jamaika, wakaja Kongo.

Masuwa yake iliitwa Peace, ndiyo kusema Amani. Ilitoka Uingereza vipande vipande, wachukuzi wakaibeba mpaka pale palipo Kinshasa leo. Mafundi wa mashini waliotumwa kuiunga walikufa. Grenfell aliiunga mwenyewe pamoja na wafanyakazi Waafrika, na mwaka 1884 ikaelea. Mwisho wa mwaka ule ule ilifika huku kwetu kwenye maporomoko.

Safari hazikuwa raha: homa, jua kali, mishale toka pembeni ya mto, na kuni za mashini za kukata kila mara. Alifanya nini asivunjike moyo? Kwanza, alikuwa na kazi ya kila siku. Kila kona ya mto aliipima na kuiandika, na mwaka 1887 wataalamu wa jiografia wa London walimpa medali. Pili, hakujitenga na watu. Mwaka 1885 alisafiri pamoja na Rose na mtoto wao mdogo, Pattie. Aliishi pia na vijana wa huku, kama Disasi Makulo, aliyetoka utumwani.

Lakini tusidanganyane, kazi haifuti machozi. Mwaka 1899 Pattie, sasa msichana mkubwa, alikufa Bolobo. Baba yake alirudi mtoni na huzuni yake. Alipougua, vijana wake ndio waliompeleka Basoko, akafa huko tarehe 1 Julai 1906.

Wenzangu, kapita wa masuwa naye ana roho, na mkata kuni vilevile. Mwenye kufanya kazi mbali na kwao, ao kuishi interna kama sisi, asifungie huzuni ndani. Ashike kazi yake, lakini aseme pia na mwenzake, ao na mchungaji. Hata Grenfell hakubeba yote peke yake.