Mutesa, Mfalme Mgonjwa wa Buganda

Mutesa, mwana wa Suna, alitawazwa kuwa Kabaka wa Buganda mwaka 1856, naye alikuwa kijana bado. Nchi yake iko kaskazini ya ziwa kubwa la Nyanza. Alikuwa mwenye akili nyingi, mwepesi wa kuuliza, tena mkali: watu waliuawa kwa neno moja la kinywa chake. Alifuata desturi za Uislamu, akafunga Ramadhani miaka kadhaa. Kisha mwaka 1876 akawaua vijana Waislamu wa jumba lake, kwa kuwa walitii dini yao kuliko amri zake. Mwaka 1877 walifika kwake Waprotestanti wa Uingereza, na mwezi wa Februari 1879 Padri Lourdel na Bruda Amans wa shirika la Mapadri Weupe.

Hao walikuwa wametoka Bagamoyo mwaka 1878 katika msafara mmoja na wenzao waliokwenda ziwa la Tanganyika. Wote waliagizwa na Askofu Mkuu Lavigerie kwamba kila misioni iwe na kitabu cha kuandikia mambo ya kila siku. Ndivyo walivyoandika baadaye Mpala, kusini ya Kalemie, na ndivyo walivyoandika Rubaga, penye jumba la Mutesa. Na huko Rubaga habari ya ugonjwa wa Kabaka ilikuwa habari kubwa.

Desturi hiyo ni ya kale. Wamonaki wa Ulaya katika karne za kati waliandika mambo ya wafalme mwaka kwa mwaka, na ugonjwa wa mfalme waliusoma kama barua itokayo kwa Mungu: ama ni fimbo ya kumrudi, ama ni moto wa kumsafisha. Mmonaki Orderic Vitalis aliandika kwa urefu jinsi Gulielmo, mfalme wa Uingereza, alivyolala kufani mjini Rouen mwaka 1087, akiijutia damu aliyoimwaga. Na mara alipokata roho watumishi wake wakapora vyombo na nguo, wakamwacha karibu uchi sakafuni.

Mapadri nao waliutazama mwili wa Mutesa wakiitafuta roho yake. Maradhi yake yalikuwa ya miaka mingi. Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alimpa dawa, akaona nafuu, na mlango wa jumba ukafunguka. Mutesa akaomba ubatizo. Padri Livinhac, mkubwa wa misioni, hakukubali, maana Kabaka hakutaka kuwaacha wake zake wengi. Neno hilo halikuwa jepesi. Aliyekataliwa alikuwa mgonjwa, tena aliweza kuwaua wote siku ile ile. Na kwa maji kidogo tu wangalijipatia, kwa jina, ufalme mzima.

Desemba 1879 alifika jumbani kwa fahari mwaguzi wa Mukasa, mungu wa ziwa, aliyesifiwa kuwa atamponya Kabaka. Mutesa akatangaza kwamba dini za wageni ziachwe, watu warudie mambo ya wazee. Hakupona.

Lakini si haki kusema kwamba maumivu peke yake yaliugeuza moyo wake. Wamisri walikuwa wamesogea kutoka kaskazini, naye alitafuta rafiki na bunduki. Asomaye vitabu vya misioni na apime: mwandishi alingoja neno moja tu kwa mfalme, na mwenye kungoja huona ishara hata katika kikohozi.

Waliobatizwa walikuwa watu wadogo: wa kwanza mwezi wa Machi 1880, na Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa karibu wa Kabaka, tarehe 30 Aprili 1882. Novemba mwaka ule mapadri waliondoka, wakaenda Bukumbi, kusini ya ziwa. Mutesa akafa Oktoba 1884 bila ubatizo na bila padri karibu. Alizikwa Kasubi, mwili mzima, wala taya lake halikuondolewa kama ilivyokuwa desturi kwa wafalme.

Mwanawe Mwanga akatawala. Mwaka 1885, mapadri walipokwisha kurudi, Mwanga aliugua macho, akapewa kidonge cha Mapeera, akazidiwa. Yosefu Mukasa akashtakiwa kwamba alitaka kumwua Kabaka kwa dawa, naye akauawa tarehe 15 Novemba.