Albert Coons: Daktari aliyezifanya protini zing'ae

Wapo madaktari ambao wagonjwa hawayajui majina yao, lakini kazi yao imo katika majibu ya vipimo tunayowapa. Mmoja wao ni Albert Coons, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1912 katika mji wa Gloversville, jimbo la New York, na kuhitimu udaktari Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1937.

Mwaka 1939, akiwa Berlin, Ujerumani, Coons alikuwa akiwaza kuhusu homa ya baridi yabisi. Ugonjwa huu huanza na maumivu ya koo kwa mtoto, kisha wiki chache baadaye huvimbisha viungo na huweza kuharibu valvu za moyo. Alijiuliza kama mabaki ya bakteria wa kooni yalikuwa yamejificha ndani ya moyo ulioathirika. Kwa hadubini ya kawaida asingeyaona. Lakini alijua kwamba kingamwili ni protini, na kila moja hunasa adui wake. Ikiunganishwa na rangi inayong'aa, ingeonyesha adui alipo.

Aliporudi Boston alishirikiana na wanakemia wa Harvard. Mwaka 1941 walionyesha kwamba kingamwili yenye rangi bado inamtambua bakteria wa nimonia. Tatizo ni kwamba rangi hiyo iling'aa buluu, na tishu za mwili nazo zina mng'ao wa buluu wa asili. Wakahamia fluoresini, ambayo hung'aa kijani. Kisha vita ikampeleka Coons jeshini, eneo la Pasifiki. Ilipokwisha alirudi Harvard kuiboresha njia yake, na mwaka 1959 akapewa Tuzo ya Lasker. Alifariki mwaka 1978.

Leo hata protini za maziwa huunganishwa na rangi. Kasini, protini kuu ya maziwa ya ng'ombe, hubebeshwa rangi nyingi mpaka mng'ao wake unafifia. Kimeng'enya kikiikata vipande, mng'ao hurudi. Kwa hiyo watafiti hupima kasi ya kumeng'enywa kwa protini kwa kuangalia mwanga tu. Kasini hiyo ni ya maabara, si ya kunywa. Nazo kingamwili zenye rangi hutusaidia kuthibitisha kichaa cha mbwa katika ubongo wa mnyama, na kuchunguza ugonjwa wa lupasi kwa kutumia damu ya mgonjwa.

Na lile swali la moyo? Sasa tunajua kwamba kinga ya mwili, ikipambana na bakteria wa kooni, inaweza kugeuka na kuushambulia moyo wenyewe. Mzazi, mtoto wa miaka 5 hadi 15 akiumwa koo ghafla, akawa na homa na tezi za shingo zimevimba, bila mafua wala kikohozi, mpeleke kituo cha afya. Akiandikiwa penisilini, amalize dozi hata kama koo limepona. Moyo ukishaharibika, dawa hiyo haiwezi kuurudisha ulivyokuwa.