Harold Black: Wazo Lililozuka Ferini

Mwimbaji anaposimama mbele ya maikrofoni, umeme unaotoka humo huwa hafifu mno, pengine sehemu chache tu za elfu moja za volti. Lazima ukuzwe kwanza na mtambo mdogo ndipo uendelee hadi kwenye spika. Siku hizi fundi wa redio mtaani aweza kuuunda mtambo huo kwa vipuri vya bei ndogo. Ni wachache wetu wajuao kwamba urahisi huo twadaiwa na Mmarekani mmoja, Harold Stephen Black.

Bwana Black alizaliwa Leominster, jimbo la Massachusetts, mwaka wa 1898. Baada ya kuhitimu uhandisi mwaka wa 1921, aliajiriwa na kampuni ya Western Electric, akakabiliana na tatizo la simu za masafa marefu. Njiani sauti ilikuzwa tena na tena kwa valvu, na kila valvu iliichafua kidogo. Ilipofika mwisho wa safari ilikuwa imekwaruzika. Black alihangaika miaka kadhaa bila ya kufua dafu.

Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, akivuka mto Hudson kwa feri kwenda kazini New York, jawabu lilimjia ghafula. Akalichora papo hapo juu ya gazeti lake. Alitaka sehemu ya umeme uliokwisha kukuzwa irudishwe mwanzoni ikiwa kinyume, ili uchafu ujifute wenyewe. Nguvu ingepungua sana, lakini sauti ingetakata.

Kutupa nguvu iliyopatikana kwa jasho kulionekana kichekesho. Ombi la hataza alilolipeleka mwaka wa 1928 halikukubaliwa Marekani hadi 1937.

Faida yake, msomaji, iko hapa. Transista za bei nafuu hazilingani, hata zikitoka kiwanda kimoja. Moja hukuza sana, nyingine kidogo. Lakini fundi akifuata njia ya Black, kiasi cha kukuza huamuliwa na rezista mbili tu. Moja ikiwa na ukinzani mara mia ya mwenzake, sauti itakuzwa kama mara mia, transista iwe hodari au goigoi, mradi iwe na nguvu ya ziada ya kupunguzwa. Na rezista ni kitu cha senti chache.

Black alifariki Desemba 1983, akiwa na umri wa miaka 85. Wengi wanaoshika maikrofoni hawalijui jina lake, ila sauti zao husikika safi kwa sababu yake.