Banting, jamaa aliyeuza insulini kwa dola moja

Wadau, Frederick Banting alizaliwa Canada tarehe 14 Novemba 1891. Alikuwa daktari wa upasuaji, maisha ya kuungaunga. Mwaka 1921, pale Toronto, yeye na kijana Charles Best wakaitoa insulini kwenye kongosho la mbwa. Collip akaisafisha, na Januari 1922 akachomwa Leonard Thompson wa miaka 14, aliyebaki mifupa mitupu. Dogo akaishi miaka 13 zaidi. Hakimiliki wakaipa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja. 1923 Banting akapata Nobel, 1941 akafa kwa ajali ya ndege.

Tatizo, insulini ile iliisha nguvu mapema, unachomwa mara kibao. Mwaka 1936 Hagedorn wa Denmark akaichanganya na protini ya samaki ili inyonywe polepole. Ndo asili ya ile nyeupe kama maziwa: inaanza baada ya saa 1 hadi 2, inakaa nusu siku au zaidi. Ile ya maji inaanza nusu saa, inaisha saa 6 hadi 8.

Sasa wewe wa Maramba, bibi yako haoni vizuri? Msomee jina kwenye chupa, maana rangi pekee haitoshi, zipo za kisasa za muda mrefu nazo ni kama maji. Akikosea chupa wakati wa kulala, sukari inaweza kushuka usingizini asiamke.