Karen Blixen: Mkulima aliyefilisika na kuacha nyumba na jina

WANAOISHI leo katika mtaa wa Karen, kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, wengi wao hawajui kwamba bustani zao zimeota mahali palipokuwa na safu za mibuni. Shamba hilo lilikufa mwaka wa 1931. Mwenyewe aliondoka akiwa amefilisika, lakini nyumba yake ingali imesimama ikitazama vilima vya Ngong.

Karen Dinesen alizaliwa Aprili 17, 1885 huko Rungsted, nchini Denmark. Aliwasili Mombasa Januari 1914 na siku hiyo hiyo akaolewa na Mswidi Bror von Blixen-Finecke. Jamaa zake Karen walikuwa wametoa fedha za kuanzishia ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Bror, bila kumshauri mkewe, akanunua shamba la kahawa.

Mwaka wa 1917 walihamia katika nyumba ya Mbogani, iliyojengwa mwaka wa 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren. Hiyo ni bangalo halisi: haina ghorofa, kuta zake ni za mawe ya kijivu, paa ni la vigae, vyumba vyake ni vipana na vimetandazwa kwa upana badala ya kupandishwa juu. Jiko lilitengwa na nyumba kubwa. Mtindo huu asili yake ni Bengal, ambako Waingereza waliiga nyumba za wenyeji zenye paa la kushuka na baraza ya kukingia jua, kisha wakausambaza katika makoloni yao. Nairobi ya Wazungu ilijengwa hivyo mtaa baada ya mtaa. Aliyeketi barazani alipata upepo na kivuli, na pia aliwaona vibarua wake kabla hawajamfikia.

Shamba lilikuwa na ekari zipatazo 6,000, na takriban 600 kati yake zilipandwa kahawa. Tatizo lilikuwa mwinuko. Ngong iko juu mno kwa zao hilo. Baridi na ukame viliipunguza mavuno mwaka baada ya mwaka, na mwaka wa 1923 kiwanda cha kahawa kikateketea. Ndoa nayo ilivunjika, talaka ikatolewa mwaka wa 1925. Karen alikuwa amekwisha kuachiwa usimamizi wa shamba, huku jamaa zake Denmark wakizidi kuzama katika madeni.

Kampuni ilipouza ardhi, mnunuzi alikusudia kuikata viwanja vya kujengea makazi. Hapo ndipo lilipozuka suala zito kuliko kahawa. Familia nyingi za Wakikuyu ziliishi shambani kama maskwota, zikifanya kazi ya mwenye shamba siku 180 kwa mwaka ili ziruhusiwe kulima na kulisha mifugo. Kisheria hawakuwa na haki yoyote hapo, ijapokuwa wengi walizaliwa katika ardhi hiyo kabla ya mlowezi yeyote kuifikia. Walitakiwa kuondoka. Ombi lao lilikuwa wahamishwe pamoja, pamoja na ng'ombe wao, wasitawanywe. Karen alizunguka ofisi za serikali miezi kadhaa, hata akamfikia gavana, na hatimaye wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Ni tendo la kusifiwa, ingawa ni vigumu kusahau kwamba kilichoombwa kama hisani kilikuwa chao.

Mei mwaka huo huo wa 1931, mpenzi wake Denys Finch Hatton alifariki ndege yake ilipoanguka Voi, akazikwa Ngong. Karen aliuza samani zake, akarejea Rungsted. Huko aliandika kwa jina la Isak Dinesen, na mwaka wa 1937 akatoa kitabu chake kuhusu shamba hilo, ambacho Ngũgĩ wa Thiong'o alikishutumu vikali kwa jinsi kilivyowachora Waafrika. Alifariki Septemba 7, 1962.

Viwanja vilivyokatwa vikawa mtaa wa bangalo na bustani kubwa, makao ya Wazungu hadi uhuru ulipokaribia. Kuhusu jina, wapo wanaosema lilitokana na kampuni ya shamba, Karen Coffee Company, iliyoitwa kwa heshima ya binti ya mwenyekiti wake, Aage Westenholz, mjomba wa mwandishi huyo. Binti huyo naye aliitwa Karen.

Mwaka wa 1964 serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba ya Mbogani kuwa zawadi ya uhuru, ikatumika kama sehemu ya chuo cha lishe. Utengenezaji wa filamu ya mwaka wa 1985 ndio uliowazindua wasimamizi wa makavazi ya taifa, na mwaka uliofuata nyumba ikafunguliwa kwa umma. Baadhi ya samani ambazo Karen alimuuzia Lady McMillan zilitafutwa, zikarudishwa katika vyumba vilevile.