Julius Eastman: Mtunzi Aliyerejeshwa na Matamasha

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inaafiki mno maisha ya Julius Eastman, Mmarekani mweusi aliyekuwa mtunzi wa muziki wa majaribio, mpiga piano, mwimbaji na mchezaji densi. Makala haya yanaangazia maisha yake pamoja na matamasha yaliyoandaliwa kumkumbuka.

Eastman alizaliwa jijini New York tarehe 27 Oktoba 1940 na kulelewa katika mji wa Ithaca. Alisomea muziki katika taasisi ya Curtis, Philadelphia, akahitimu mwaka wa 1963. Baadaye alijiunga na kundi la wanamuziki wa majaribio katika Chuo Kikuu cha Buffalo. Sauti yake nzito ilimpatia sifa alipoimba utungo wa Peter Maxwell Davies uitwao Eight Songs for a Mad King.

Kiutunzi, Eastman alifuata mkondo wa uminimali, yaani muziki unaojengwa kwa vipande vichache vya sauti vinavyorudiwarudiwa. Mwanafunzi wa ushairi ataitambua takriri hapa. Hata hivyo, katika kazi kama vile Stay On It (1973) na Femenine (1974), takriri hiyo husonga mbele. Kila sehemu mpya hubeba yaliyomo katika zilizotangulia, huku mengine yakiongezwa na mengine yakiondolewa taratibu.

Eastman alikuwa mtu jasiri na mgumu. Hakuficha kwamba alivutiwa na wanaume wenzake. Aidha, baadhi ya kazi zake za piano alizipa majina yenye tusi ambalo watu weusi wa Marekani wametukanwa kwalo kwa karne nyingi. Mnamo Januari 1980, wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Northwestern walilalamika, na majina hayo hayakuchapishwa kwenye ratiba ya tamasha. Eastman alisimama mbele ya hadhira, akaeleza kuwa kwake neno hilo liliwataja watumwa wa mashambani, ambao jasho lao ndilo msingi wa uchumi wa Marekani. Kwa maoni yetu, malalamiko ya wanafunzi yalikuwa ya haki, na maelezo ya mtunzi nayo yalistahili kusikizwa.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilimwendea vibaya. Alifukuzwa katika nyumba aliyoishi New York na vitu vyake vikatupwa nje, zikiwemo hati za muziki. Kwa muda alilala katika bustani ya Tompkins Square. Alifariki Buffalo tarehe 28 Mei 1990 akiwa na umri wa miaka 49. Tanzia yake ilichapishwa Januari 1991, takriban miezi minane baadaye.

Mnamo 1998 mtunzi Mary Jane Leach alianza kutafuta hati ya utungo wa Eastman wa sello kumi. Hakuipata, lakini msako huo ulimfikisha kwenye kanda na nakala zilizobaki mikononi mwa marafiki na wanamuziki. Matunda yake yalikuwa diski tatu zilizotolewa mwaka wa 2005. Utungo wenyewe wa sello uliandikwa upya na Clarice Jensen kwa kusikiliza kanda.

Ndipo yakaja matamasha ya kumbukumbu, Philadelphia mnamo Mei 2017 na New York mnamo Januari 2018. Kwa kawaida tamasha la kumbukumbu huadhimisha kazi ambazo tayari zimehifadhiwa. Haya yalikuwa tofauti, kwani wapigaji walilazimika kukamilisha hati zenye mapengo, kulinganisha kanda na kuwauliza waliocheza na marehemu kabla ya kupiga hata nota moja.

Funzo kwetu ni bayana. Wapo malenga na waimbaji wa taarabu ambao tungo zao zimo katika kanda chakavu na vichwa vya wazee. Tusingoje tanzia ndipo tuanze kutafuta daftari.